Rangi ya nywele, ngozi ya maji ya kunde, na zebaki tunayoijua sisi

Noeli iko mlangoni, Bonane iko nyuma yake. Butembo, kando ya Rue d'Ambiance, giza linaingia na bado wamama wamekaa kwenye benchi za salo, wanangojea zamu. Beni, upande wa soko ya Kilokwa, ni vile vile: meshi zimetundikwa mlangoni kama mikungu ya ndizi, nyeusi, kahawia, nyekundu ya divai, mpaka njano ya mahindi. Mtu atauliza: chama cha wachimbaji kinatafuta nini ndani ya salo?

Tunafuata njia ya franga yetu. Ile inayolipa zile meshi, mingi inatoka chini ya udongo: Manguredjipa, Njiapanda, Kambau, mpaka Biakato upande wa Ituri. Mwezi wa 10 mwaka wa 2025 bei ya dhahabu ilipita dola 4 000 kwa onsi moja, mara ya kwanza tangu dunia iianze hiyo biashara. Onsi ni gramu 31 na kidogo. Pigeni hesabu: zaidi ya dola 128 kwa gramu, kule London. Mchimbaji haonaka ile bei. Kuna PDG wa shimo, kuna negosian, kuna bariere, na dhahabu yenyewe haijasafishwa. Lakini hata yeye ameona kidogo kuliko zamani, na kile kidogo kinapanda pikipiki kinakuja mjini. Kikifika mjini, wa kwanza kukiona ni muuza bia, wa pili ni salo.

Ndugu mmoja alitusimamisha kwenye mkutano: « Ntoyo watu wameuawa kwenye kilio, na ninyi mnataka kuongea nywele? » Ana haki ya kuuliza. Mwezi wa 9 wa 2025, ADF waliua zaidi ya watu 60 pale Ntoyo, wakati watu wamekusanyika juu ya msiba. Hatujasahau, na hatutaki mtu asahau. Lakini waliotuletea maulizo ya nywele ni wamama hao hao wa kariere, kati yao waliokimbia vita na watoto mgongoni. Mama aliyekimbia bila kitu, siku anaketi tena kwenye kiti cha msusi, siku ile anajiambia: bado niko mtu. Hatuna ruhusa ya kumcheka. Kazi yetu ni kuangalia kama kile anachouziwa pale kinamfaa, ama kinamuua polepole.

Maulizo yao yalikuwa mawili. La kwanza: sisi wenye ngozi ya kahawia, rangi gani ya nywele inatuvaa vizuri? La pili walilisema kwa sauti ya chini: je, ni kweli kwamba rangi ikikataa ngozi, lazima ngozi ibadilishwe? Tutajibu yote mawili, maana la pili linatoka ndani ya la kwanza.

Dhahabu ama feza

Ngozi nyingi za kwetu si nyeusi ya makaa, na si nyeupe. Wenzetu wa Tanzania wako na neno zuri: rangi ya maji ya kunde, yaani ile rangi ya maji yanayobaki kwenye sufuria ukisha chemsha kunde. Kuna waliokolea, kama kahawa ya Lubero bila maziwa. Kuna waliofunguka, kama chai ya maziwa. Yote ni kahawia. Lakini kahawia hizo hazifanani chini yake. Kuna inayoficha njano na wekundu, tuiite ngozi ya moto. Kuna inayoficha bluu na zambarau, tuiite ngozi ya baridi. Mafundi wa rangi wanaanziaka hapo. Mtu anakosea nywele juu anaangalia tu kama yeye ni mweusi ama mweupe, haangalii kile kiko chini ya ngozi.

Utajuaje uko upande gani? Magazeti ya Ulaya yanasema uangalie mishipa ya mkono: ikiwa kijani, wewe ni wa moto, ikiwa bluu, ni wa baridi. Kwa ngozi iliyokolea mishipa haionekani, basi njia ile inatuacha njiani. Njia nyingine mchimbaji anaielewa upesi. Toka nje, asubuhi, uso bila pudra. Shika kioo. Weka kitu cha dhahabu karibu ya shavu, halafu kitu cha feza. Ikiwa dhahabu inafanya uso uamke, ngozi ni ya moto. Ikiwa feza ndiyo inasafisha uso, na dhahabu inakufanya uonekane mgonjwa, ngozi ni ya baridi. Ikiwa zote mbili zinakubali, uko katikati, na rangi nyingi zitakukubali.

Si lazima dhahabu iwe ya kweli, hata ya kuchovya ya sokoni inaonyesha. Na tuseme ukweli wetu hapa: wangapi kati yetu wametoa dhahabu chini ya udongo miaka 20, na bibi nyumbani hana hata pete ya kufanyia hilo jaribio?

Jambo moja zaidi: usijaribu ndani ya salo, chini ya taa nyeupe. Ile taa inadanganya. Rangi uliyoipenda saa moja ya usiku inakuwa rangi nyingine kesho kanisani.

Namba za meshi ziko na maana

Wamama wengi wanachagua meshi kwa kuonyesha kidole: « nipe ile. » Kumbe kwenye karatasi yake kuna namba, na namba zile zinafanana karibu kila alama ya biashara. Anayezijua hadanganywi.

Namba 1 ni nyeusi kabisa, ile inang'aa mpaka inatoa bluu. 1B ni nyeusi ya kawaida, ndiyo iko karibu ya nywele tulizozaliwa nazo. 2 ni kahawia nzito, kwa mbali utasema ni nyeusi. 4 ni chokoleti. 33 ni kahawia yenye wekundu mzito. 30 ni dada yake aliyefunguka, kama udongo wa barabara yetu baada ya mvua. 27 ni asali. 350 ni shaba. 99J ni divai, ile tunaita bordo. 613 ni blond, njano ya mahindi makavu.

Ngozi ya moto inapatana na vitu vya moto: chokoleti 4, kisha 33 na 30, na shaba kidogo kama ngozi imefunguka. Asali 27 ni nzuri pia, lakini kwa kuchanganya, nyuzi chache karibu ya uso, si kichwa kizima. Rangi za majivu ziachwe, zinafanya uso uonekane kama mtu ametoka malaria.

Ngozi ya baridi inapatana na 1B, 2, na zaidi sana 99J. Bordo juu ya ngozi ya kahawia yenye ubaridi ni kitu kimoja kizuri sana, na hakihitaji mtu awe kijana: mama wa miaka 50 anakivaa bila aibu. Shaba na machungwa waachie wengine.

Aliye katikati ashike chokoleti ama kahawia ya karanga, hawezi kukosea.

Kwa wote kuna kanuni moja: usiende mbali zaidi ya hatua mbili kutoka rangi yako ya kuzaliwa, kama unataka watu waone uso wako mbele ya nywele. Na anayetaka kwenda mbali, aache mizizi nyeusi na rangi ianzie katikati. Ziko meshi zimefanyiwa vile tayari, juu 1B, chini 30. Nyusi zako ni nyeusi. Ikiwa mizizi pia ni nyeusi, macho ya watu yanakubali.

Tunaanza na meshi kwa sababu. Kwa mama anayetwanga mawe, ama anayelima, ama anayepanda Butembo na Beni kwa pikipiki, meshi ya rangi ndiyo bora kuliko dawa ya rangi. Butembo iko karibu mita 1 700 juu, jua lake halionekani kali lakini linakula rangi, na wekundu ndio unatoka wa kwanza. Meshi ikiharibika unafumua. Kichwa kinabaki chako. Vumbi litaingia, ndiyo, lakini vumbi linaoshwa. Kama meshi mpya zinakuwasha, ziloweshe kwenye maji na siki kabla ya kusuka, suuza, anika. Na mwambie msusi asivute mpaka macho yapande: nywele za mbele zikitoka kwa kuvutwa miaka mingi, wakati mwingine hazirudi tena.

Rangi ya dawa: soma kabla ya kupaka

Wengine wanataka nywele zenyewe zigeuke. Wanaume pia, tusifiche. Vijana wa kariere wanapaka juu ya kichwa njano kama wachezaji wa mpira, na wazee kati yetu wanapaka ndevu nyeusi kabla ya harusi.

Kwenye sanduku za rangi za Kifaransa kuna namba pia, lakini ni lugha nyingine. Namba ya kwanza ni uzito: 1 nyeusi, 3 kahawia nzito, 4 kahawia, 5 kahawia iliyofunguka, mpaka 10 ambayo ni blond nyeupe. Namba baada ya nukta ni rangi ya chini: .1 majivu, .3 dhahabu, .4 shaba, .5 akaju, .6 nyekundu. Basi 4.5 ni kahawia ya akaju, inafaa wengi wetu. 5.4 ni shaba, ni ya ngozi ya moto. 9.1 kwa ngozi ya maji ya kunde ni kutupa franga.

Sasa hatari. Nywele nyeusi haiwezi kuwa blond bila kuunguzwa kwanza. Wanatumia unga wa kufuta rangi pamoja na oksidan. Oksidan ya volyumu 20 iko na asilimia 6 ya oksijene yenye nguvu, ile ya 30 iko na 9, ile ya 40 iko na 12. Ile ya 40 kwenye ngozi ya kichwa inaweza kuunguza kabisa. Na mtu aliyetia defrizan asiunguze nywele siku ile ile. Angojee wiki mbili, la sivyo nywele zitabaki kwenye kitana.

Rangi nyeusi nazo, zaidi sana zile za unga wa bei ya chini, ziko na kitu kinaitwa parafenilenediamini, kwa kifupi PPD. Ulaya wanaikubali kwenye rangi ya nywele lakini isipite asilimia 2 wakati wa kupaka. Katika pakiti bila maandishi, nani amepima? Kuna watu damu yao haiikubali kabisa. Mama mmoja wa familia zetu alipakwa rangi nyeusi katika salo moja juu ya ubatizo wa mtoto. Usiku kichwa kiliwasha, asubuhi macho yalikuwa yamefunga, uso umevimba kama mtu aliyeng'atwa na nyuki. Alipona. Lakini hakuna aliyemwambia ajaribu kwanza. Jaribio ni rahisi: tia rangi kidogo nyuma ya sikio ama kwenye kona ya mkono, ngojea saa 48. Ikiwasha, ikivimba, acha. Aliyewahi kuvimba mara moja asirudie hata kama ni alama nyingine ya biashara, maana ya pili inakuwa kali kuliko ya kwanza, na koo likivimba mtu anakosa pumzi.

Kuna na hatari ya miaka mingi. Marekani walifuata wanawake zaidi ya 46 000 katika utafiti unaoitwa Sister Study, wakatangaza matokeo mwaka 2019. Kati ya wanawake Weusi waliotumia rangi ya kudumu, kansa ya matiti ilionekana asilimia 45 zaidi kuliko kwa wasiotumia. Wale wanaopaka kila wiki 5 mpaka 8, ama mara nyingi zaidi, ilifika asilimia 60. Hiyo haisemi kila anayepaka atagonjwa. Wale wanawake wote walikuwa na dada aliyewahi kuugua, na utafiti mmoja si neno la mwisho. Lakini inatosha kusema: paka mara chache, na kama uko na mimba ya miezi ya kwanza, ngojea.

Anayetaka rangi bila hatari hizo yuko na hina ya kweli, ya majani. Hina haifungui nywele nyeusi. Inaacha wekundu wa kahawia unaoonekana juani. Kwa ngozi ya moto ni uzuri mtupu. Lakini shikeni hili: hina ya kweli haitoi rangi nyeusi. Wakikuuzia « hina nyeusi », mara nyingi ni PPD imevaa jina la watu wengine.

Wakati blond inaita krimu

Tufike kwa maulizo ya pili. Biashara inavyotembea ni hivi. Kwanza wanakuuzia 613, njano ya mahindi, kwa sababu uliiona kwa mwimbaji kwenye simu. Unaivaa. Unaangalia kioo: uso na nywele havipatani. Jirani wa salo, mwenye duka ya vipodozi, yuko na jibu tayari: « Mama, nywele haina kosa. Ni ngozi. » Anashusha krimu ya kufungua teint. Mwezi wa kwanza uso unang'aa. Mwezi wa tatu vidole vinabaki vyeusi, uso unakuwa na mabaka, basi anakuuzia nyingine yenye nguvu zaidi.

Kuna krimu ziko na idrokinoni. Kuna ziko na kortizoni kali, ile daktari anaandikaka kwa siku chache tu. Inapunguza ngozi mpaka inakuwa nyepesi kama karatasi, na siku ya kupasuliwa kidonda kinakataa kufunga. Na kuna krimu ziko na zebaki. Ndiyo, ile ile merkiri yetu.

Sisi hatuhitaji profesa atufundishe zebaki. Tunaimimina kwenye karai, inakusanya dhahabu, tunaikamua kwenye kitambaa, tunachoma. Moshi unapanda, dhahabu inabaki. Tunajua wazee wa kazi ambao mikono inatetemeka mpaka hawawezi kushika kikombe cha chai. Zebaki inakula mishipa ya fahamu na figo. Kwenye krimu wanaiweka kwa sababu inazuia ngozi kutengeneza rangi yake. Inaingia kupitia ngozi, na kidogo inaruka hewani ndani ya chumba, basi mtoto anayelala na mama anaipata bila kupakwa kitu. Maji ya kuoga yanaibeba mpaka mtoni.

Sasa sikieni neno hili, maana mchimbaji ndiye wa kwanza kulielewa. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwenye baadhi ya krimu hizo kuna maandishi madogo: usiguse na dhahabu, feza, alumini, mpira ama vito. Kwa nini krimu ya uso iogope pete ya dhahabu? Kila mtu wa kariere anajua jibu. Zebaki ikigusa dhahabu inaishika, na dhahabu inageuka nyeupe. Krimu inayokuambia uvue pete inajitaja jina yenyewe. Majina mengine ya kutafuta kwenye pakiti ni merkiri kwa Kifaransa ama Kiingereza, kalomeli, ama herufi mbili: Hg.

Basi angalieni nyumba ya mchimbaji. Baba anavuta zebaki kwenye kariere ili apate dhahabu. Dhahabu inauzwa. Franga inashuka mjini. Mama ananunua nayo zebaki kwenye kopo lenye picha ya mwanamke mweupe. Tunalipa ile sumu mara mbili, mara ya kwanza kwa afya ya baba, mara ya pili kwa afya ya mama, na mtoto anapata ya pande zote mbili. Ndiyo maana tunasema hii ni kazi ya chama.

Sheria ziko wapi?

Dunia haijalala. Kuna mkataba wa Minamata juu ya zebaki, umebeba jina la mji wa Japani ambako watu walilemazwa na samaki wenye zebaki, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1956. Nchi zilizokutana Geneva mwisho wa 2023 zilikubaliana kwamba vipodozi vyenye zebaki viishe kufika 2025. Mwezi wa 11 wa 2025 walikutana tena kule kule Geneva. Lakini Geneva ni mbali na Kasindi.

Afrika ya Kusini ilikataza idrokinoni kwenye vipodozi tangu 1990. Ghana ilifanya vile 2016. Rwanda ilianza kuzikamata madukani mwishoni mwa 2018. Tunajua kusema neno zuri juu ya Rwanda ni vigumu kwa mtu wa Kivu ya Kaskazini leo, na kesi yetu nao ni kubwa. Lakini krimu haina bendera. Jambo la kufaa lifanywe hata hapa. Uganda, ofisi yao ya viwango inatangaza orodha ya vipodozi vilivyokatazwa. Sasa jiulizeni: kitu kikikataliwa Kampala, kinaenda wapi? Barabara ya Goma ilikatika kwa vita, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwezi wa kwanza wa 2025, basi vitu vingi vyetu vikapita Kasindi. Kongo iko katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki tangu 2022. Ikiwa ushuru unajua jumuiya, na usalama wa ngozi ya mama uijue.

Tunachoomba, na tunachojiomba

Kwa OCC, ambayo Serikali iliipa kazi ya kuangalia ubora wa vitu vinavyoingia: fungueni makartoni ya vipodozi pale Kasindi, si kuhesabu tu. Tangazeni orodha kwa Kiswahili, kwenye redio, si kwenye ukuta wa ofisi. Wafanyabiashara wa Butembo ni watu wa kusikia: wakijua kontena itarudishwa, hawatainunua kule Dubai ama Guangzhou.

Kwa wenye salo: msusi ni mfanyakazi kama sisi. Ule unga wa kufuta rangi unaleta pumu kwa anayeuvuta kila siku. OMS kupitia ofisi yake ya kansa inasema kazi ya ususi yenyewe pengine inaongeza kansa. Glavu, dirisha wazi, na saa ya kupumua. Tunaomba hewa chini ya shimo. Hatuwezi kunyamaza juu ya hewa ya dada zetu juu ya ardhi.

Kwa SAEMAPE: leteni retorti, ile chupa ya chuma inayokamata moshi wa zebaki, na mtufundishe kuitumia. Na sisi wenyewe tuache kuchoma ndani ya nyumba, kwenye sufuria ambayo kesho itapikiwa sombe.

Neno la mwisho ni letu wanaume, na halifurahishi. Nani anawatuma wamama kwenye kopo? Ni sisi. Tunarudi kutoka kariere na gramu mbili, tunapita kwa mweupe, tunamwacha yule wa kahawia aliyetubebea chakula mpaka kwenye shimo. Tunamwita mtoto wetu mmoja « mzuri » kwa sababu amezaliwa na ngozi iliyofunguka, na dada yake yuko hapo anasikiliza. Hakuna OCC itakayosimamisha ile kartoni. Inapita kwenye mdomo wetu.

Kwa hiyo, sikukuu hii, fanyeni hivi. Mama, toka nje na kioo, jaribu dhahabu na feza, chagua 33 ama 99J, suka, vaa kitenge chako, uende kanisani. Baba, lipa ile salo bila kununa, na umwambie imemvaa. Kopo mlilo nalo nyumbani, msiendelee kulipaka wala kulimwaga mtoni. Lifungeni vizuri, mlilete kwenye mkutano wetu wa mwezi wa kwanza, tusome pamoja maandishi yake. Ambaye hajui kusoma Kifaransa atasomewa, na hakuna atakayechekwa. Aliyeanza kuvimba miguu ama kutetemeka aende kwa daktari sasa, asingojee mkutano, na amwambie wazi alipaka nini na anachoma nini.

Ngozi ya maji ya kunde haina kosa. Ni nywele ndizo tunazitafutia rangi.